Rangi ya Maji na Madeko Yake

Jamani, rangi ya maji, ile ya kupaka ukutani, ina madeko kupita mtoto wa mwisho. Unafungua kopo, juu yametuama maji ya kijivu, chini kuna bonge gumu. Unachomeka kijiti, kinasimama dede. Ukikiachia, hakianguki!

Na sababu ipo. Ule unga unaoipa rangi weupe, titani dioksidi, ni mzito kama mara 4 ya maji, lazima uzame. Kiwandani wanausaga mpaka chembe zibaki kama robo ya maikroni (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na hilo linasaidia, kwa kuwa chembe ikizidi upana mara 2, inazama mara 4 kwa kasi. Haya, zimesagwa, tupumue? Wapi! Chembe ndogo zikigusana zinashikana, na zikishikana si ndogo tena.

Basi wanatia dawa ya kuzitawanya, inayozivika zote chaji hasi ili kila moja imsukume mwenzake. Yaani amani ya kopo zima inategemea chuki! Dawa ikipungua, zinakumbatiana. Ukiizidisha, ziada inaelea kwenye maji kama chumvi na kuzima chuki ileile uliyoinunua.

Nawe ukijifanya mjanja ukazimua kwa maji ya chumvichumvi, umekwisha. Kalsiamu iliyomo kwenye maji hayo ina chaji chanya 2, inaingia katikati kama mshenga asiyealikwa na kuzipatanisha. Ndani ya muda mfupi ni mabonge matupu. Kwani zilikuomba suluhu?

Kopo likiachwa wazi, amonia iliyotiwa humo inatoroka, pH (kipimo cha asidi na besi) inashuka toka kwenye 8 au 9 iliyotakiwa, chaji zinafifia. Baridi ikigandisha maji, barafu inazisukuma chembe kwenye kona moja, na hata ikiyeyuka hazitaki kuachana. Joto nalo linazichangamsha zigongane ovyo. Bakteria je? Hao wanakula selulosi iliyotiwa kufanya rangi iwe nzito, wanakuachia uji mwembamba unaonuka. Mimi sijala tangu asubuhi, wao wanakula rangi yangu.

Lakini linalonikera zaidi ni ile buluu uliyochanganya na nyeupe. Kwenye kopo safi, ukutani safi. Kabla haijakauka, pitisha kidole usugue: buluu iliyokuwa imejikunja mabonge inatawanyika, pale ulipogusa panakolea, pembeni pamepauka. Sasa nifanyeje, nisugue ukuta mzima kwa kidole?