Nilishinda, Nikakasirika

Jumapili iliyopita nilimfunga mwanangu mabao mawili kwa moja kwenye gemu ya mpira, na sijawahi kuudhiwa na ushindi kiasi kile.

Ana miaka 13. Mimi pedi ya kuchezea gemu naishika kama mtu anayekamua nguo. Kitufe cha pasi na cha shuti vinanichanganya hadi leo, na mara nyingi mchezaji wangu hutimua mbio hadi kwenye kibendera cha kona wakati mpira ameuacha nyuma. Nimezoea kufungwa sita, saba, siku nyingine tisa. Siku hiyo dakika ya 80 tulikuwa moja kwa moja. Beki wake akapokea mpira, akageukia lango lake mwenyewe, akasimama. Kipa akatoka hadi nje ya boksi bila kuitwa na mtu. Nikabonyeza kitufe, nadhani kilikuwa cha pasi, mpira ukajikokota taratibu hadi wavuni.

"Duh, mama, leo umenipatia!" akasema, macho dirishani.

Hayo macho ndiyo yaliyomponza. Ni macho yangu hayo. Nimeyatumia miaka mingi mbele ya ubao wa drafti, yeye akiwa upande wa pili.

Nilimfundisha drafti alipokuwa na miaka sita. Akifungwa mara mbili mfululizo midomo inaanza kutetemeka, nami nina rundo la nguo za kukunja, sina nafasi ya kilio. Nikawa namwachia kete wazi. Kwa kuwa kwenye drafti kula ni lazima, unaweza kumwongoza mtoto kama unamshika mkono: aile hii, aile na ile, apenye hapo, aingie kingi. Halafu nashika kichwa. "Jamani, sikuiona!" Macho dirishani.

Nilikuwa najiambia ni upendo. Upendo ulikuwepo, sikatai, ila nusu nzima ilikuwa uvivu. Kumwachia mtoto ashinde ndiyo njia fupi kuliko zote ya kumaliza mchezo, na wanaotushauri tuwaachie watoto ili wajiamini hawaligusi hilo.

Nikaweka pedi chini, nikamuuliza kama ameniachia. Akacheka kidogo. Nikamuuliza kama alikuwa anajua nilivyokuwa namfanyia kwenye drafti.

"Tangu darasa la pili," akasema. "Ulikuwa unasema huzioni kete zilizo katikati, lakini yangu ya pembeni kabisa unaiona."

Miaka yote hiyo tulikuwa tunaigiziana. Yeye anajifanya kashinda, mimi najifanya nimeshindwa, na mshindi wa kweli hayumo chumbani.

Kuna jambo kuhusu drafti lililonirudia baada ya hapo. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, wakiongozwa na Jonathan Schaeffer, walitangaza kwamba kompyuta imeumaliza mchezo wa drafti ya Kiingereza, ile ya ubao wa miraba 64 na kete 12 kila upande. Kazi hiyo waliianza mwaka 1989. Jibu walilopata ni kwamba pande zote mbili zisipokosea hata mara moja, mchezo lazima uishe sare. Maana yake kila ushindi wa drafti hiyo umetokana na kosa la mtu. Mwanangu alikuwa anasubiri kosa langu la kweli, hata moja tu kwa mwaka, na mimi nikawa namgawia ya bandia kila jioni.

Simaanishi mtoto wa miaka sita apigwe tu bila huruma hadi auchukie ubao. Wanaocheza michezo ya akili kwa dhati walishaona kwamba si kila wawili wanalingana, wakatafuta njia isiyo na uongo ndani yake. Kwenye mchezo wa Go uliotoka China, dhaifu hutangulia kuwekewa mawe yake ubaoni, kuanzia mawili hadi tisa, kila mtu anaona. Kwenye sataranji magwiji wa karne ya 19 walikuwa wakianza bila farasi mmoja, au hata bila malkia, mpinzani akiwa mdogo kwao. Baada ya hapo hakuna kubembelezana.

Ndivyo ninavyocheza sasa na mdogo wake, ambaye ana miaka saba. Nilianza na kete nane, yeye 12. Akinifunga mara mbili mfululizo narudisha moja. Nimefika kumi, na kila mgeni anayeingia anaambiwa kabla hajaketi kwamba mama amebakiza mbili tu.

Na siku ambazo hakuna mwenye akili ya kupanga kete, kuna ludo. Neno lenyewe ni Kilatini, "nacheza". Mchezo umetokana na pachisi ya India, na ujuzi wangu wote na uzoefu wangu wa maisha havisaidii chochote mbele ya dadu. Ukitupa mara kumi, bado kuna kama asilimia 16 kwamba hutaona sita hata moja, na mimi hiyo asilimia 16 naijua vizuri, naishi humo. Ila burudani ya ludo kwetu ni mama yangu. Akipata nne anatembea tano. Si mara moja, si bahati mbaya. Mdogo huyu wa miaka saba ameweka kidole juu ya kete, anahesabu kwa sauti, kisha anasema, "Bibi, rudi nyumba moja." Na bibi anarudi! Mwanamke ambaye mimi katika umri wangu huu siwezi kumwambia ahamishe hata kiti.

Hicho ndicho nilichokuwa namnyima mkubwa. Siku nzima nyumbani sheria ni zangu: muda wa kulala wangu, simu iwekwe wapi neno langu, ubishi ukizidi nauzima mimi. Kwenye mchezo sheria hainijui mimi ni mama wa nani. Nikiibadilisha kwa siri, hata kwa faida yake, nimempokonya ile nusu saa ambayo yeye na mimi tulikuwa chini ya kitu kimoja.

Kwa hiyo tumewekeana masharti mapya. Hakuna kuachiana. Kwenye gemu ya mpira nachagua timu kali, yeye anachukua dhaifu, tunatangaza kabla ya filimbi. Anayefungwa anaosha vyombo. Nilidhani sharti la vyombo litamfanya aache gemu mapema akasome. Nilikosea hesabu, kwa sababu wiki nzima hii mwenye mikono yenye povu ni mimi, na yeye anapita nyuma yangu akiniuliza kama maji ni ya moto.

Jana nimefungwa saba kwa moja. Hilo moja nimerudia kulitazama mara tatu, taratibu, pedi mkononi. Beki alikuwa anarudi mbio. Kipa aliruka kweli.