Pilau ya Shangazi Haipo Google

Shangazi yangu anapika pilau za harusi Tanga mjini. Sufuria lake kubwa, mtoto wa darasa la pili anaoga ndani na nafasi inabaki. Mwaka jana nikamtengenezea tovuti. Na kosa langu la kwanza halikuwa la kompyuta, lilikuwa la mdomo: nilijitapa kwenye kikao cha harusi ya binamu kwamba mtu akiandika "pilau Tanga" Google, wa kwanza kutokea ni shangazi.

Nikaijenga kwa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, nikaizindua Ijumaa. Kwenye simu yangu ilifunguka vizuri kabisa, maana nilikuwa naandika anwani nzima. Jumamosi asubuhi akapiga.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nimeandika pilau Tanga, kaja yule wa mtaa wa pili. Yule anayeunguza vitunguu."

Nikamwambia avute subira, tovuti mpya huchukua siku kadhaa, hata wiki kadhaa, kuingia Google. Hilo si uongo. Lakini ilipofika wiki ya tatu, alikuwa ananipigia kila akimaliza sala ya alfajiri, anasoma matokeo kama taarifa ya habari: "Leo pia hatumo."

Kwa aibu nikamlipa kijana mmoja shilingi 30,000 aisajili kwenye injini za utafutaji 500. Mia tano! Mimi nikijikaza sana nazitaja nne. Akaniletea orodha ndefu yenye tiki za kijani. Shangazi akaipitia na miwani yake, akauliza ipi kati ya hizo inatumiwa na watu wanaooa.

Ndipo nikafungua Search Console ya Google, zana inayomwonyesha mwenye tovuti kama kurasa zake zimo Google, ambayo ni ya bure na ndiyo niliyopaswa kuanza nayo. Nikabandika anwani ya ukurasa wa mwanzo. Jibu: haumo Google, sababu ni noindex, yaani alama inayosema "usiuorodheshe".

Jasho likanitoka. Wakati najenga, niliona haya watu wasije wakaikuta tovuti haijaisha, nikatia tiki kwenye kile kisanduku cha WordPress kinachoziomba injini zisiiorodheshe. Nikasahau. Kumbe wiki zote hizo roboti la Google lilikuwa linakuja, linasoma bei ya sahani mpaka kachumbari, linakutana na neno noindex, linaondoka kimya. Lina adabu kuliko wageni wetu wengi wa harusi: likiambiwa usiseme, halisemi.

Nikatoa tiki, nikaipelekea Google ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa zake, nikaomba ukurasa upitiwe upya. Siku ya nne, saa kumi na moja alfajiri, simu ikaita.

"Tumo!"

Nikaruka kitandani.

"Ila kuna mtu kakaa juu ya jina langu. Anaitwa Hello World."

Ile makala ya mfano inayokuja na kila WordPress mpya. Sikuifuta. Kurasa zote za pilau, biriani na picha za sufuria, Google ikaanza na hiyo.

"Sasa huyu Hello," shangazi akasema, sauti imeshuka, "anapikia wapi? Maana kama ni yule wa mtaa wa pili kabadilisha jina, niambie mapema."