Bali Kama Si Hivyo

Mume wangu ana mshipa kwenye mkono wa kushoto ambao ukiuwekea kidole unausikia unavuma, kama simu inayotetema mfukoni. Madaktari waliunganisha mishipa miwili pale ili mashine ya kusafisha damu ipate njia, maana figo zake zimeshindwa kazi. Kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi anaunganishwa na mashine hiyo kwa muda wa saa nne, nami nakaa nje kwenye benchi na Biblia yangu na chupa ya chai. Huu ni mwaka wa tatu. Neno nililoambiwa mara nyingi kuliko yote katika miaka hiyo ni hili: "Mwamini Mungu tu, atapona."

Nusu ya kwanza ya neno hilo naishika kwa mikono miwili. Nusu ya pili nusura iniulie mume.

Mwaka ule wa kwanza mtumishi mmoja alikuja nyumbani kwetu. Aliomba kwa machozi, akatutangazia kwamba uponyaji umeshatoka, kilichobaki ni sisi kuthibitisha imani yetu kwa kuacha mashine. Tukaacha. Mume wangu akakosa Alhamisi, akakosa Jumamosi. Siku zile tuliimba sana. Jumapili usiku miguu ilikuwa imevimba hata kandambili hazimwingii, hawezi kulala, ameketi kitandani na mito mitatu mgongoni, anatafuta pumzi kama mtu aliyetoka mbio. Tulifika hospitali kwa bajaji kabla hakujapambazuka. Alipopata nafuu akaniambia taratibu, "Mama watoto, kumbe tulikuwa tunamjaribu Mungu."

Nimeirudia Mathayo sura ya 4 mara nyingi tangu siku ile. Ibilisi alimpandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu, akamwambia ajitupe chini, na akamsomea Zaburi ya 91: malaika watakuchukua mikononi mwao. Andiko lilikuwa la kweli kabisa. Yesu hakuruka. Alijibu, "Usimjaribu Bwana Mungu wako." Kwa hiyo naamini muuguzi anayemchoma mume wangu sindano mbili nene, akamuuliza habari za watoto ili asione uchungu, anafanya kazi ya Mungu kama mwombaji yeyote. Kumtegemea Mungu hakuhitaji tumfukuze muuguzi huyo.

Lakini swali zito lilikuwa bado. Mbona fulani aliombewa akapona, na huyu wangu bado? Jibu la haraka tunalopewa makanisani ni kwamba imani yetu haitoshi. Mtu mgonjwa akibebeshwa na hilo, anakuwa na mizigo miwili.

Fungua Matendo ya Mitume sura ya 12. Herode anamuua Yakobo, ndugu yake Yohana, kwa upanga. Mstari mmoja tu, amekwisha. Kisha anamkamata Petro, na malaika anakuja usiku, minyororo inaanguka, lango la chuma linafunguka lenyewe. Mitume wawili, mfalme mmoja, kanisa moja. Nani atathubutu kusema Yakobo alikuwa na imani ndogo kuliko Petro? Namfikiria mama yao akina Yakobo, yule aliyepiga magoti mbele ya Yesu kuwaombea wanawe wawili waketi kulia na kushoto kwake. Yesu akawauliza kama wataweza kukinywea kikombe chake. Wakasema wanaweza. Naye akawaambia kikombe mtakinywea kweli. Mmoja alikinywea mapema, kwa upanga.

Waebrania 11 nayo, sura tunayoipenda kwa sababu ya ushindi wake, tunaisoma nusu. Mstari wa 34 unasema kwa imani waliokoka na makali ya upanga. Shuka mistari mitatu: waliuawa kwa upanga. Mwandishi hakuwatenga hawa na wale. Wote anawahesabu kuwa walishuhudiwa kwa ajili ya imani yao.

Ndipo nikayaelewa maneno ya Shadraka, Meshaki na Abednego mbele ya Nebukadreza, mfalme wa Babeli aliyewataka waisujudu sanamu yake au watupwe katika tanuru la moto. Walisema Mungu wetu aweza kutuokoa na tanuru hili. Hapo ndipo wahubiri wengi wa siku hizi wangeweka nukta. Vijana wale wakaendelea: "Bali kama si hivyo, ujue, Ee mfalme..." Sanamu hawaisujudu, wawe wazima au majivu. Hawakumwekea Mungu sharti.

Wao waliokolewa. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda hakuokolewa. Yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji na uonevu, na tarehe 16 Februari 1977 aliuawa. Serikali ikatangaza kuwa ni ajali ya gari. Mungu aliyeingia katika tanuru la Babeli alikuwapo Kampala siku ile, hilo siliachii, ingawa sijui namna ya kulieleza kwa mtu asiyeamini.

Nina ombi kwa makanisa yetu. Kipindi cha ushuhuda, kipaza sauti wanapewa waliopona, waliopata kazi, waliopata watoto. Nafurahi nao, napiga vigelegele kwa moyo wote. Mpeni siku moja na mtu ambaye bado. Asimame yule mama aliyezika, yule kijana anayetembea na bahasha ya vyeti mwaka wa tano, aseme tu kwamba leo ameamka na amemwomba Mungu yuleyule. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, na imo kwenye Biblia zetu, haijafutwa.

Mume wangu haruhusiwi kunywa maji apendavyo, maana figo haziyatoi. Tunapima kwa kikombe kidogo cha plastiki kilichokuwa cha mtoto wetu wa mwisho. Jana joto lilikuwa kali. Kabla ya kulala alikuwa amebakiza maji ya kulowesha ulimi tu. Akanywa kidogo, akakirudisha kikombe mezani, akakitazama. Tukaomba kama tunavyoomba kila usiku. Baba, tunataka apone. Tunataka sana. Bali kama si hivyo... Hapo huwa nanyamaza, namwachia yeye amalizie, kwa sababu mwili ni wake. Jana alikaa kimya muda mrefu, nikadhani amesinzia.

"Bado wewe ni Mungu wetu," akasema.

Leo ni Jumamosi. Chai imo kwenye chupa.