Puzhu: chuki isiyopiga kelele

Katika Puzhu, filamu ya India ya mwaka 2022, kwa lugha ya Kimalayalam, iliyoongozwa na Ratheena, mbaguzi hatukani mtu hadharani. Kuttan, Mbrahmini (tabaka la juu kabisa) aliyekuwa ofisa wa polisi, anamlea mwanawe peke yake kwa masharti ya kambini. Dada yake Bharathi anahamia jengo lilelile la ghorofa na mumewe Kuttappan, msanii wa jukwaani kutoka jamii ya Wadalit, wanaowekwa chini kabisa ya matabaka, na Kuttan anakaza taya tu. Aliyezoea ngumi na nyimbo ataishiwa subira mapema.

Kwangu mimi, mwendo huo wa kinyonga ndio unaoifaa filamu hii. Ubaguzi wa matabaka ya kuzaliwa hukaa kwenye mambo madogo: nani anakaribishwa ndani, nani anakula na nani, jina la ukoo linaloulizwa kwa tabasamu. Ibara ya 17 ya Katiba ya India iliharamisha tangu 1950 desturi ya kuwaona watu najisi, lakini nani atakagua sebule ya mtu? Na Kuttan anaigizwa na Mammootty, nyota aliyewahi kumwigiza Ambedkar, kinara wa haki za Wadalit, akashinda tuzo ya taifa. Shabiki wake safari hii anajikuta amefungiwa na mtu wa kuchukiza.

Ubishi unaanzia hapo (natoboa mwisho, samahani). Kuttan anaamini anawindwa auawe, anamshuku hata mwanawe. Anapowaua Bharathi na Kuttappan, mtazamaji ana pa kujifichia: yule hazimtoshi, sisi hatumo. Wanaoitetea filamu watajibu kwamba hofu yake na ubaguzi wake havitengani, kwa kuwa aliyefundishwa kwamba damu yake ni safi lazima amwogope kila anayemkaribia. Hoja nzito hiyo. Tena Kuttappan haombi huruma, anajua thamani yake na anayazungumza matabaka waziwazi. Ila kamera haikai naye, kila mara inarudi kwa Kuttan.

Linganisha na Fandry ya 2013, ya Kimarathi, ya Nagraj Manjule, ambaye mwenyewe ni Mdalit. Nayo haina haraka. Kijana Jabya na familia yake wanafukuza nguruwe karibu na shule, kazi ambayo kijiji kimewaachia wao. Ghafla wimbo wa taifa unasikika. Jabya anasimama wima, wazazi wake nao wanasimama, nguruwe anajiondokea zake. Baadaye wanakijiji wanajazana kutazama na kuwacheka, wanafunzi wenzake wakiwemo. Hakuna mwehu wa kusingiziwa pale, ni watu wazima na akili zao.

Kundi hilo la wanaocheka ndilo ninalolikosa kwenye Puzhu. Bado nitamshauri mtu aitazame, hasa kwa ajili ya yule mtoto wa Kuttan, ambaye kila siku analazimishwa kukaa na baba yake kuangalia video zilezile za zamani za familia yenye furaha.