Walokole na Kiu ya Ukamilifu

Mpe mtoto wa shule daftari jipya. Ukurasa wa kwanza ataandika kwa mwandiko wa kujikaza, herufi zimekaa juu ya mstari, tarehe imepigiwa rula. Wiki ya pili neno moja limekatwa, wino umevuja, na tayari anataka daftari lingine. Sisi wakubwa tunafanya hayohayo kwa mwaka mpya, kazi mpya, ndoa mpya, hata kanisa jipya.

Wapo wanaosema hiyo ni tamaa ya kukomeshwa: jikubali ulivyo, yaishe. Mimi sikubali. Kiu hiyo naona tumeumbwa nayo, na Yesu hakuicheka. Pale mlimani alisema, “Basi ninyi mtakuwa wakamilifu, kama Baba yenu wa mbinguni alivyo mkamilifu.” Wengi tukifika hapo tunachagua moja kati ya mawili: tunaishusha amri mpaka itutoshe, au tunajifanya tumeshafika. Hili la pili ndilo ugonjwa wa makanisani.

Ndiyo maana huwa narudi kwenye historia ya walokole, yaani waliookoka wa uamsho wa Afrika Mashariki. Septemba 1929, juu ya kilima cha Namirembe, Kampala, walikutana watu wawili. Mmoja ni Joe Church, daktari Mwingereza wa misheni ya Gahini, Rwanda, aliyekuwa amechoka roho na mwili. Mwingine ni Simeoni Nsibambi, Mganda. Wote walikuwa Wakristo tayari, na wote walijiona wamepungukiwa. Wakakaa na Biblia, wakasoma, wakaomba. Katika miaka ya 1930 moto ukawaka Gahini, ukaenda Kigezi, Uganda, ukavuka hadi Bukoba na Kenya. Watu walirudisha vitu walivyoiba. Wazungu waliungama mbele ya Waafrika, tena wakati wa ukoloni, na hilo peke yake lilikuwa jambo la kutikisa.

Ukiwahi kukaa kwenye ushirika wao utajua ninachosema. Mzee anasimama, anavua kofia, “Bwana Yesu asifiwe.” Halafu hasimulii ushujaa. Anasema jana alimjibu mkewe vibaya mbele ya mgeni, na usiku usingizi ulikataa mpaka akamwomba radhi. Basi, anakaa. Wenzake wanaitika kwa Tukutendereza, wimbo wa Kiganda wa kumsifu Yesu, bila kushangaa wala kumkodolea macho. Huko ndiko kutembea nuruni, na Yohana aliweka mambo mawili jirani: damu ya Yesu yatusafisha dhambi yote, na tukisema hatuna dhambi twajidanganya wenyewe.

Kwa hiyo ukamilifu wanaoushuhudia hawa wazee si wao. Ni wa Kristo, nao wamejificha ndani yake. Waraka kwa Waebrania unasema kwa toleo moja amewakamilisha hata milele hao wanaotakaswa. Yaani kazi yake imekwisha, na yetu bado inaendelea. Paulo naye, akiwa kifungoni, aliwaandikia Wafilipi kwamba hajafika wala hajawa mkamilifu, bali anakaza mwendo. Huyo ni mtume, jamani.

Mambo huharibika pale mtu anapotaka ukamilifu unaoonekana, wa kukaguliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Uganda, kundi la Wazukufu, yaani walioamka upya, likiongozwa na Yona Mondo lilijitenga na walokole wenzao, na moja ya hoja zao ilikuwa kwamba aliyeokoka hapaswi kuwa na deni. Nawaelewa. Deni linahesabika, kiburi hakihesabiki. Lakini ukishaanza kupima wokovu kwa daftari la mwenye duka, aliyebahatika kuwa na mshahara anakuwa mtakatifu kuliko mjane.

Hata John Wesley, mhubiri Mwingereza aliyeanzisha Umethodisti, aliyefundisha ukamilifu wa Kikristo miaka na miaka, alipata taabu hiyo. Mfuasi wake mmoja wa London, George Bell, alijiona amekamilika kabisa, akatabiri kwamba dunia itaisha tarehe 28 Februari 1763. Dunia haikuisha. Wesley mwenyewe, mwaka 1767, aliandika gazetini waziwazi kwamba yeye si mkamilifu. Mwalimu wa somo anakiri hajalifaulu, na bado analifundisha! Kwangu hilo linamwongezea heshima.

Ninachokosa katika ibada zetu nyingi za sasa ni huo uwazi. Shuhuda tunazosikia ni za zamani tu: nilikuwa mlevi, nilikuwa mhuni, Bwana akanitoa. Sawa, asifiwe. Lakini wiki hii je? Mbona tangu uokoke hujakosana na mtu? Mchungaji akisimama Jumapili akaungama jambo la Ijumaa, mahubiri yake nitayasikiliza hata yakipita saa moja.