Kompyuta Niliyouziwa Kama Kalkuleta

Fundi wa pale Mwanjelwa alikuwa ameichomeka katikati ya rimoti na chaja zilizokatika vichwa. Aliponiona naigeuzageuza akasema, "Hiyo kalkuleta ya benki, bro. Haifi." Nikampa elfu thelathini na tano, nikaondoka haraka kabla hajabadili mawazo. Kwenye ukalkuleta alikosea. Kwenye kutokufa, hakuwa mbali na ukweli.

Ni HP 200LX, kompyuta kamili iliyoingia sokoni mwaka 1994, ina MS-DOS 5.0 ndani yake, mfumo wa kuendesha kompyuta za zamani, na programu ya majedwali ya Lotus 1-2-3. Ukiikunja inalingana na kipochi cha miwani, inazama kwenye mfuko wa koti, na sisi wa Mbeya koti tunalo nusu ya mwaka. Inakula betri mbili zile za saa ya ukutani. Haina kamera, haina laini, kioo chake hakina rangi wala taa. Nipo nayo mwaka wa tatu sasa, na ndiyo inayobeba hesabu zangu za parachichi.

Kazi yangu ni kuzunguka kwa wakulima kuanzia Isongole kushuka hadi Tukuyu: napima, naandika, nalipa, gari linapakia. Zamani nilikuwa naandika kwenye simu. Siku moja huko Ntokela nimesimama kwa bibi mmoja, mizani inaning'inia kwenye mti, mimi nimeinamia simu najumlisha. Bibi akakaa kimya, akakaa, mwishowe akasema, "Mwanangu, maliza kwanza kuchati na hao watu wako, ndipo tuhesabu mali yangu."

Nilikuwa nahesabu mali yake!

Maneno yale sikuyasahau, na ndiyo sababu naandika haya. Watu wanaolalamikia simu husema inatupotezea muda, na hilo kila mtu keshalisikia kanisani na msikitini. Mimi naona ina ubaya mwingine: simu haimwambii anayekutazama unafanya nini. Unayehesabu, unayecheka na mchumba, unayeangalia matokeo ya mpira, wote mnafanana. Mtu ambaye hela yake ya msimu mzima inategemea vidole vyako ana haki ya kuingiwa na wasiwasi. Ila ukifungua kadude haka kenye vitufe halisi, kila mtu uani anajua kazi imeanza. Hakuna anayeamini kwamba unachati kwenye kitu cha namna hii.

Halafu kioo chenyewe. Nilikiona kasoro mwanzoni, kwa sababu usiku bila tochi huoni kitu. Lakini parachichi hazipimwi usiku. Saa sita mchana, jua la Tukuyu likichomoza baada ya mvua, simu inageuka kuwa kioo cha kunyolea ndevu, unajiona wewe mwenyewe. Kioo cha kadude kinazidi kusomeka kadiri jua linavyowaka. Basi nakigeuza kumwelekea mwenye mali. Kreti 4, mizani imesoma kilo 87. Natoa kilo 2 za kila kreti tupu, zinabaki 79. Mara 1,500 ni 118,500. Natoa 20,000 ya dawa ya kupulizia aliyokopa, mkononi 98,500. Kila tarakimu inapoingia kitufe kinalia "tik", na bibi wa Ntokela amejifunza kufuatisha. Juzi kabla sijabonyeza mwisho alikuwa keshasema tisini na nane na nusu. Jioni naandika @SUM, amri ya kujumlisha ya Lotus, nataja safu inapoanzia na inapoishia, siku nzima inajumlishwa.

Sasa nisije nikaonekana nimeolewa na mashine. Imeshanitesa. Faili zake hukaa kwenye kumbukumbu inayotegemea umeme wa betri, na kuna kibetri cha akiba bapa kama sarafu kinachoilinda wakati unabadilisha zile kubwa. Mimi nilijua kipo, sikujali kukikagua. Nikatoa betri mbili kwa pamoja, nimeketi stendi ya Kiwira nasubiri hiace, nikaweka mpya, nikawasha: mashine inaniuliza kila kitu kana kwamba ndiyo imetoka kiwandani. Wiki nzima ya mizani imekwenda. Nilirudi nyumba kwa nyumba kuomba kila mtu anikumbushe kilo zake, na acha niseme wazi, kumbukumbu za wakulima ziliongezeka uzito. Tangu hapo kibetri nakibadilisha mapema, na faili naziweka kwenye kadi ya kumbukumbu ya CompactFlash iliyovikwa adapta. Nikifika nyumbani naichomeka kwenye kompyuta ya mezani, programu ya LibreOffice inazifungua faili za Lotus bila kununa.

Kaka yangu husema yote haya daftari la kaunta linafanya, tena daftari haliulizi betri. Ni kweli, na ile wiki ya Kiwira nilitamani ningemsikiliza. Lakini daftari langu lilikuwa linalowa (Tukuyu mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, wino unaogelea), na kujumlisha watu arobaini kwa kalamu saa mbili usiku ni kutafuta ugomvi na wewe mwenyewe. Yeye anauza dukani, ana paa juu ya kichwa. Tusilinganishe.

Kuna kompyuta mpya za mfukoni pia, nimeziona picha zake, kama Gemini ya 2018 kutoka London na zile za kampuni ya GPD zenye Windows. Nzuri. Ila nyingi zimerudisha ndani yake kila kitu nilichokikimbia, na kila jioni zinadai chaji, wakati huku umeme ukikatika unaweza kukatika hadi asubuhi. Simu sijaitupa. Malipo yanakwenda kwa simu, na hapo bibi hana neno, kwa sababu ya kwake inaita ujumbe ukiingia.

Wiki iliyopita betri zilinikatikia uani kwake, na mfukoni sikuwa na nyingine, uzembe mtupu. Nikatoa simu. Akanitazama. Akaingia ndani bila kusema kitu, akatoka na saa ya ukutani kwapani na tochi mkononi, akaing'oa betri ya saa, akaing'oa na moja ya tochi, akanipa zote mbili. Nikaziweka moja baada ya nyingine, roho juu. Jedwali likarudi pale pale nilipoliachia, mstari wa jina lake.

Nikamwambia Jumatano namletea mpya.

"Sawa," akasema, akavuta kigoda akaketi pale anapoona kioo. "Ila ziandike kabisa humo. Upande wa deni lako."