Ruzuku ya mbolea Trans Nzoia: anayehoji si adui wa mkulima

Sema sokoni Kitale, mji mkuu wa Kaunti ya Trans Nzoia nchini Kenya, kwamba ruzuku ya mbolea ipunguzwe, utaitwa adui wa mkulima kabla hujamaliza. Watu wana sababu. Septemba 2022, vita vya Ukraine vikiwa vimepandisha bei, mfuko wa kilo 50 ulishushwa kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500, na mwaka uliofuata ukafika 2,500. Rais Ruto aliifuta ruzuku ya unga akisema heri kumsaidia anayezalisha. Mavuno ya mahindi nchini yakapanda kutoka magunia milioni 34.3 mwaka 2022 hadi milioni 47.6 mwaka 2023.

Takwimu hiyo haikosi jukwaani. Kisichotajwa ni kwamba 2022 ulikuwa mwaka wa ukame, na 2023 mvua ikanyesha vizuri. Mbolea ilichangia, sikatai. Ila haikuleta mvua.

Wanaohoji wanauliza jambo ambalo halipewi nafasi: nani hasa analipwa? Chukua bei za 2022. Kila mfuko ulimwokolea mnunuzi shilingi 3,000. Kwa mfuko mmoja kila ekari, mwenye ekari moja kule eneo la Kwanza, Trans Nzoia, anaokoa 3,000. Mwenye ekari 50 anaokoa 150,000, kutoka hazina ileile inayojazwa na kodi ya yule wa ekari moja anaponunua sukari na mafuta. Tena wa ekari 50 ana lori. Wa ekari moja hulipa bodaboda hadi depo ya Bodi ya Nafaka, akikuta mbolea haijafika hurudi siku nyingine kwa nauli nyingine, na hapo 3,000 yake imeanza kuliwa. Ikichelewa hadi mvua za Aprili zishike, anapanda bila mbolea au anakimbilia duka la pembejeo na kulipa bei kamili. Kwenye vitabu vya serikali ruzuku ipo. Shambani kwake haikufika.

Kuna pia udongo. Mashamba mengi ya ukanda huu yana asidi, na DAP, mbolea ya kupandia, iliyotumiwa msimu baada ya msimu imeiongeza. Penye asidi kali, alumini hunasa fosforasi na mmea hauipati, kwa hiyo sehemu ya mfuko uliolipiwa na umma hubaki ardhini bila faida. Dawa yake ni chokaa ya kilimo, ambayo hakuna mwanasiasa anayepigiwa makofi kwa kuigawa.

Sakata la 2024 la mbolea feki iliyouzwa kama ya ruzuku nalipita haraka. Hoja ya kumwondoa Mithika Linturi, aliyekuwa Waziri wa Kilimo, iliishia kwa kamati ya Bunge kumwondolea lawama, na waliopanda na mifuko ile walikuwa wameshapanda.

Binafsi singeifuta ruzuku. Ningeiwekea kikomo cha ekari tano kwa kila mkulima, kinachobaki kinunue chokaa na kusogeza mbolea hadi vyama vya ushirika vijijini. Serikali ilishasajili wakulima pamoja na ukubwa wa mashamba yao, basi kikomo kinawezekana. Pingamizi linalonisumbua ni moja: wakulima wakubwa ndio wenye ziada ya kuuza, na wakipunguza ekari kwa sababu ya gharama, bei ya unga Nairobi itapanda. Huenda. Lakini kama lengo ni unga wa mjini, basi tuiite ruzuku ya unga, tuache kumfanya mkulima mdogo kisingizio.